Bangili ya Bi Mwanahawa Mbele ya Kamishna

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mheshimiwa mmoja amekaa kwenye kiti cha kusubiri, koti mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Sura yake niliijua. Picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye kituo changu cha basi kule Etobicoke, mtaa wa ughaibuni nilikohamia, tangu uchaguzi. Nikasimama wima. Yeye naye akasimama, akadhani nimekuja kumwita. Tukabaki hivyo wote wawili mpaka Msajili wa ofisi alipotoka akasema, "Asha, kaa. Wewe ndiye unayefanya kazi hapa."

Sina hakika kama mimi ndiye ninayefaa kuieleza kazi hii. Nilisoma shule ya msingi Tanga, nikajifunza kupiga chapa, basi. Mawakili wa ofisi wangeeleza vizuri zaidi. Lakini vijana wa msikitini huniuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote ile mjini, na nikijibu "ofisini" wanacheka. Mmoja alidhani nilikuwa shushushu. Nilikuwa na mazoea ya kuandika kila jioni siku ilivyokwenda, siri za kazi nikiziacha kazini, kwa hiyo nitasema ninayoyakumbuka na yale tu yaliyokwisha kutangazwa.

Ofisi yetu ilipokea malalamiko ya maadili dhidi ya wabunge wa jimbo. Mkubwa wetu aliitwa Kamishna. Raia wa kawaida hakuweza kutuletea lalamiko. Ilikuwa lazima mbunge amlalamikie mbunge mwenzake, tena kwa hati ya kiapo, yaani maandishi ambayo mwenyewe ameapa kwamba ni kweli kadiri anavyojua. Hati ikipokelewa, mlalamikiwa alipelekewa nakala kwa mkono siku ile ile, asije akayasikia mambo yake redioni. Kamishna hakuwa jaji wa kufunga watu. Alichunguza, akaandika ripoti, akampa Spika, na Bunge lenyewe likaamua kama litakubali pendekezo lake: pengine karipio, pengine mtu kusimamishwa, hata kupoteza kiti.

Nilianzia mapokezi, chini ya Kamishna niliyemkuta pale, jaji mstaafu asiye na maneno mengi. Mwisho wa mwaka mbunge mmoja mpole alituletea boksi la chokoleti. Kamishna akatoka mwenyewe, akamshukuru, akamrudishia kwa mikono miwili. Mbunge alipoondoka nikathubutu kusema, "Lakini alikuwa na nia nzuri."

"Ninajua," akasema. "Ndiyo maana tunarudisha za wote. Tukianza kupima nia za wenye chokoleti, tutakosea."

Kuanzia siku hiyo nilibeba chupa yangu ya chai, nisipokee hata kikombe cha mtu, hata nilipohamishwa nikawa tarishi wa kupeleka zile nakala bungeni. Kazi ya tarishi wetu ilikuwa na adabu zake. Huingii na bahasha ukiwa umekunja uso, wala huchekicheki. Unampa mwenyewe mkononi, unasema jina la ofisi, unangoja asaini, unaondoka. Nimewaona watu wakubwa wakizipokea bahasha zile. Wengine walikasirika, wengine waliniambia pole na baridi. Nikirudi kupitia bustani iliyo mbele ya Bunge, mara nyingi nilijiuliza ni nguvu gani hii, ambayo haina askari wala bunduki, inayomfanya mtu mwenye madaraka asaini mbele ya mwanamke wa Tanga mwenye viatu vya theluji. Mpaka leo sijapata jibu la kuniridhisha. Ninashangaa tu.

Kamishna wa pili, mwanamke, wakili wa siku nyingi, ndiye aliyenipandisha kuwa karani wa malalamiko. Sasa mimi ndiye niliyefungua bahasha na kugonga muhuri. Na wakati wake ndipo ilipokuja hati inayohusu jengo ninaloishi.

Nieleze pole pole. Jengo letu ni ghorofa refu, na familia nyingi za Afrika Mashariki zimo. Lifti ilikuwa imeharibika kwa muda mrefu. Wazee walikuwa kama wamefungwa juu, na mmoja wao alikuwa Bi Mwanahawa, jirani yangu, mwenyeji wa Pangani. Mbunge wa eneo letu wakati huo, ambaye nitamwita Mheshimiwa tu, alipanda ngazi mlango kwa mlango, akawasumbua wenye jengo mpaka lifti ikatengenezwa. Bi Mwanahawa alipomwoza mjukuu wake akamwalika. Ukumbini, ngoma zikiwa zimekolea, akavua bangili mkononi mwake akamvisha Mheshimiwa mbele ya watu, vigelegele vikapigwa. Kwao ndivyo mgeni anavyoheshimiwa. Kukataa pale ni kumwambia mwenye shughuli kwamba mkono wake mchafu.

Video ikasambaa kwenye simu. Mbunge mmoja wa upande wa pili akaiona, akala kiapo: mwenzake amepokea zawadi kutoka kwa mtu aliyemsaidia, na hakuitangaza. Kwa haki, nisimseme vibaya. Alileta hati mwenyewe, akaniambia, "Sifurahii hili. Lakini kama ni bangili leo, kesho ni nini?" Swali hilo halikuwa la kijinga.

Niliisoma hati mpaka jina la jengo, nikaiweka chini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kamishna. "Huyu mama ni jirani yangu. Na harusini nilikuwepo."

Alinitazama. "Ulisimama karibu?"

"Nilipiga vigelegele."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Basi hii hutaigusa. Hutaulizwa na hutauliza. Msajili atachukua."

"Ninaweza kueleza ile desturi. Mawakili wengine hawaijui."

"Wataieleza wenyewe, kwa kiapo," akasema. "Ukinieleza wewe, nitakuwa nimesikia upande mmoja kabla ya kufungua mlango."

Sikupinga, ingawa nilirudi mezani nikiona aibu kama mtoto aliyenyoosha kidole akaambiwa akishushe. Baadaye nilielewa. Hata kama ningesema kweli tupu, ningekuwa nimeisema mahali pasipofaa.

Yaliyobaki yalikuwa magumu nyumbani. Ilikuwa hivi: sheria ilikataza zawadi, ila ile iliyokuja kwa desturi za shughuli za kazi, na hata hiyo, ikiwa ya thamani, ilipaswa kutangazwa. Kwa hiyo jengo zima likabaki na swali moja: ile bangili ni dhahabu au shaba? Ikiwa shaba, mambo yangeisha palepale. Ikiwa dhahabu, Mheshimiwa, aliyetupigania lifti, angeweza kupoteza kiti. Na sisi tulidhani anayejua ni mmoja tu, Bi Mwanahawa.

Watu walimwendea. Dobi wa chini alimwambia, "Bibi, sema shaba. Nani ataipima?" Mjukuu wake, ambaye huelewa Kiswahili lakini hujibu Kiingereza, alimwambia vivyo hivyo kwa Kiingereza chake. Jioni moja akagonga mlango wangu, sahani ya vitumbua mkononi, kitambaa juu yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa huko kwenu kuapa. Nikaseme nini?"

"Siwezi kusema neno, mama."

"Neno moja. Wewe unawajua."

"Hata hilo."

Akaninyooshea sahani. "Haya, kula basi, tuzungumze ya mvua."

Miaka yote tuliyokaa pale, sahani ya yule mama haikuwa imepata kurudishwa mlangoni kwangu na chakula chake. "Siwezi kupokea," nikasema. "Mpaka mambo haya yaishe."

"Hata vitumbua, Asha?"

"Hata vitumbua."

Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Akafunika sahani vizuri. "Kumbe ni kazi kweli," akasema, akaenda zake kwenye lifti.

Aliyoyasema mbele ya Kamishna nilikuja kuyajua kwenye ripoti, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Alisindikizwa na mkalimani. Aliulizwa kama bangili ilikuwa ya shaba. Akajibu, "Shaba? Mimi nimvishe mgeni wangu shaba? Ile ni dhahabu ya mama yangu." Akaulizwa kama anajua jibu hilo linaweza kumwumiza Mheshimiwa. Akasema anajua, na kwamba alikuwa amelia, lakini hakumvisha gizani na hatalisema gizani. Akaulizwa kama alimpa kwa ajili ya lifti. Akasema, "Lifti nimeshamshukuru kwa mdomo. Bangili ni kwa sababu alikaa akala na sisi."

Na Mheshimiwa, ambaye angeweza kujitetea kwamba hakujua, naye akasema kweli yake. Mwanzo alidhani ni pambo la kugawiwa wageni. Alipoambiwa na rafiki kwamba ni dhahabu, akaiweka kabatini, akaogopa kuirudisha wenyewe wasijione wamedharauliwa, akaogopa na kuitangaza. Ofisi yetu ilikuwa na mlango wa ushauri, ambapo mbunge yeyote huuliza kwa siri kabla hajakosea. Hakuuliza.

Kamishna aliandika kwamba haikuwa hongo, ilikuwa desturi, na kwamba desturi ni kitu cha kuheshimiwa; lakini haikutangazwa, na hilo ni kosa. Akapendekeza karipio, na bangili irudishwe. Bunge likakubali. Siku hiyo nilikwenda kukaa juu, kwenye viti vya wananchi. Mheshimiwa alisimama, mkono mtupu, akaomba radhi bila kumsingizia mtu. Yule aliyemlalamikia aliinamisha kichwa. Sijawahi kuona mtu akiwa mdogo na mkubwa kwa wakati mmoja namna ile.

Bi Mwanahawa akakataa kuletewa bangili nyumbani. "Nilimvisha mbele ya watu," akasema, "anirudishie mbele ya watu, wasije wakasema nimempora." Nikamwuliza Kamishna kama ninaruhusiwa kuwepo. "Faili limefungwa, Asha," akasema. "Nenda ukapige vigelegele."

Basi kwenye ukumbi ule ule, Mheshimiwa akaitoa kwenye kitambaa na kumvisha yule mama. Bi Mwanahawa akaukamata mkono wa Mheshimiwa uliobaki mtupu, akaushika hivyo hivyo, akamwongoza mpaka kwenye mkeka wa chakula. Niliyaona maadili ya Bunge na adabu za Pangani zikila sinia moja. Labda ninakuza mambo. Lakini niliona.

Nimestaafu sasa. Sikuwahi kuandika ripoti hata moja, na sheria nyingi nilizigongea muhuri bila kuzielewa zote. Vijana wakiniuliza nilijifunza nini, ninababaika. Nadhani nilijifunza kukaa karibu na watu wanapolazimika kusema kweli, na kutowasaidia.

Siku niliyokabidhi ufunguo wa ofisi nilirudi nyumbani na chupa yangu ya chai. Kabla sijavua koti, mlango ukagongwa. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama na sahani yenye kitambaa juu, bangili ikimeta mkononi.

"Na leo je, Asha?"

"Leo lete, mama," nikasema, nikaipokea kwa mikono miwili.