Mwandika Barua wa Mbugani

Yule mama anayeandikia watu barua pale Mbugani hana haraka na mtu. Kwanza anafuta meza kwa upindo wa kanga, halafu anajaribu kalamu kwenye kiganja, mara mbili, kama vile wino ungeweza kumdanganya. Gwamaka, dereva wa bodaboda, anamtazama huku akitamani kumnyang'anya karatasi. Barua yake ya kwanza ya posa alichapiwa stesheneri, wakasahau kufuta jina la mchumba wa mteja aliyetangulia, naye akaituma bila kuisoma. Baba yake Kisa, binti anayemposa, kule Ipyana, akairudisha na maneno matatu: "Damaris hakai hapa." Leo mshenga anaondoka saa kumi, na mzee keshasema barua ya tatu hapokei.

"Mama, fanya chapuchapu, mwenzio naungua."

"Ungua polepole, meza yangu ya mbao."

Anaandika huku midomo inacheza, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua. Kila mstari ukiisha anausoma kwa sauti ndogo, ndipo anaendelea. Gwamaka anakaa, anainuka, anapiga teke tairi la pikipiki yake mwenyewe. Mara kalamu inasimama. Mama anamsogezea karatasi. Katikati ya sentensi ameacha nafasi.

"Jina la binti weka mwenyewe. Mimi simjui."

"Mwandiko wangu mbaya, mama."

"Baba yake anautaka huohuo."

Gwamaka, aliyebwata tangu asubuhi, anaishika kalamu kama anashika kifaranga. Anaandika Kisa. Kisha anauliza, kwa upole kabisa, kama anaweza kuliandika tena pale chini.