Soja Mlangoni kwa Mama Olivia

Silvesta Wekesa alikuwa amelinda majengo Doha kwa miaka sita bila kuandikiwa onyo hata moja. Kwao Bungoma aliuza mitumba sokoni, na sare ya ulinzi ndiyo nguo ya kwanza iliyofanya watu wamwite bwana. Aliipiga pasi mwenyewe kila alfajiri katika bweni la walinzi huko Al Rayyan, kabla basi la kampuni halijawachukua.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, king'ora cha moto kililia katika jengo alilolinda mtaa wa The Pearl. Wapangaji wakashuka kwa ngazi. Silvesta akapewa karatasi ya majina akahakikishe hakuna aliyebaki ghorofa ya saba. Mlango mmoja ulikuwa bado umefungwa. Akagonga.

"Nani?" akauliza Hannah, Mkamba aliyefanya kazi katika nyumba ile.

"Ni mimi, Silvesta. Tokeni, dada, kuna moshi."

Ndani alikuwamo pia Mama Olivia, bibi wa miaka sabini na mitano aliyetoka Chile kumtembelea mwanawe, mwenye nyumba. Hannah akamgeukia, na kwa haraka Kiswahili kikamtoka: "Ni soja wa getini."

Kwetu Kenya soja ni mlinzi tu. Lakini bibi, kwa Kiingereza chake kidogo, alisikia "soldier", yaani askari wa jeshi. Akachungulia kwenye kitundu cha mlango, akaona kofia, mkanda mpana na karatasi. Akakimbilia bafuni akajifungia.

Hannah alifungua mlango huku akilia. "Kaka, amekataa kutoka. Anasema wanajeshi wamekuja na orodha."

Silvesta hakujua ni orodha gani, lakini woga aliujua. Mlinzi haruhusiwi kuvua sare akiwa zamuni, naye aliikumbuka sheria hiyo vizuri. Akavua kofia, mkanda na shati, akabaki na fulana. Akampa Hannah karatasi, akaketi sakafuni nje ya bafu, akasema kwa Kiingereza, polepole:

"Mama, mimi si mwanajeshi. Nina watoto watatu. Sitaki jina lako. Nataka tushuke pamoja."

Kisha kitasa kikazunguka. Silvesta alimshika bibi mkono ngazi zote hadi chini.

Kumbe ni jiko lililoshika moto ghorofa ya tisa, na hakuna aliyeumia. Lakini Trevor, msimamizi wa walinzi, alimwona Silvesta katikati ya wapangaji akiwa na fulana.

"Kesho saa tatu, ofisini," akasema.

Alasiri Mama Olivia alishuka getini kwa Silvesta pamoja na mwanawe ili amtafsirie. Alitaka kujieleza.

Mwaka 1973, huko Chile, mumewe alikuwa mpiga chapa na mkomunisti. Magazeti yalikuwa yakiandika kila siku kwamba wakomunisti ni ugonjwa wa kung'olewa. Makundi ya vijana yalizunguka na marungu yakiwapiga wafanyakazi. Madukani hakukuwa na kitu. Jeshi lilipoipindua serikali, jenerali alisema amekuja kurudisha utulivu.

"Kaka yangu alitundika bendera dirishani kumshangilia," bibi alisema. "Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa ametishwa muda mrefu. Jenerali alikaa madarakani miaka kumi na saba."

Siku ya nne baada ya mapinduzi askari waligonga wakiwa na orodha yenye jina la mumewe, wakamchukua. Alirudi baada ya miezi minane, amekonda lakini hai, wakakimbilia Uswidi.

Walinzi wakibishana siasa za nyumbani kule Al Rayyan, Silvesta ndiye aliyekuwa akisema nchi inahitaji mtu mmoja mkali, wenye midomo wanyamazishwe. Aliona aibu kidogo. Akamuuliza bibi kama amekula.

Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta Trevor na barua iliyoandikwa na mwana wa Mama Olivia mezani.

"Sheria uliivunja," Trevor akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Ungevaa sare, yule mama angebaki ndani ya moshi." Akaikunja barua. "Sikuandikii kitu. Rudi zamuni."

Nje, Silvesta alitoa simu. Akampigia mkewe, Pamela.

"Mbona saa hizi? Kuna shida?" Pamela akauliza.

"Hakuna," akasema, akashangaa anacheka peke yake juani. "Kwa kweli hakuna."