Doa Kisiginoni mwa Eunike

Siku hizi kukipambazuka, kwenye kihamba cha Eunike, shamba lake la migomba na kahawa kule Machame, hausikiki tena mlio wa panga likikata shina la mgomba. Kwa miaka mingi sauti hiyo ndiyo iliyowaamsha majirani. Alikuwa akimkatia ng'ombe wake, peku, majimaji ya mgomba yakimchuruzikia miguuni. Watoto walikuwa wameshaondoka, na mumewe alizikwa palepale migombani.

Mwaka 2006 aliona doa jeusi kisiginoni. Halikuuma. Mwanawe Elifuraha, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alimpigia kwenye simu ya jirani, Elisifa, akamweleza kuwa yuko daktari wa ngozi anayetazama wagonjwa kwa picha, kupitia intaneti.

"Picha na intaneti havizidi elfu tano, mama. Ukienda hospitali, weka nauli, weka kumwona daktari. Na wakikulaza je?"

"Wakinilaza, ng'ombe atakula nini?"

"Ndiyo maana nasema picha."

Hesabu ikaishia hapo. Mpiga picha aliyekuja kwenye kipaimara cha jirani akaombwa apitie kwake. Eunike aliusugua mguu kwa jiwe, akaupaka mafuta, kwani mama mtu mzima hamwonyeshi mgeni mguu wenye vumbi. Picha ikatumwa kutoka mjini Moshi.

Elifuraha alimsomea jibu kwa simu. Daktari alisema mguu unang'aa mno kwa mafuta, hana uhakika. Huenda ni utomvu wa mgomba. Asubiri wiki mbili. Lisipofutika, aende hospitali.

Eunike alishika neno la utomvu, akamshukuru Mungu. Lakini utomvu haumtoki mtu anayeukanyaga kila siku. Wiki mbili zilipokwisha doa lilikuwapo, na panga lilikuwa mkononi. Akajiambia huo ni utomvu wa jana. Kahawa ikachanua, ikaiva, ikachumwa. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwinua mguu akautazama vizuri.

Alipoanza kuchechemea, Elisifa alimwambia aende tu, yeye atamlisha ng'ombe. Hospitalini alimkuta daktari binti, aliyemwamkia kwanza, kisha akaupakata mguu ule na kuufuta kwa spiriti, polepole. Pamba ikabaki nyeupe. Doa halikuwa utomvu.

"Umekuja na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Na nyumbani umemwacha nani?"

"Ng'ombe."

Binti alitaka kucheka, akamtazama, akaacha. Eunike alikuwa anaiangalia ile mikono. Tangu afiwe, hakuna mtu aliyewahi kumshika mguu. Alitamani asiuachie upesi.

Ilikuwa saratani. Mguu ulikatwa chini ya goti, na ng'ombe akauzwa. Eunike sasa anaishi Pasua, mjini Moshi, chumba cha nyuma kwa mdogo wake Gladness, ambaye anashinda sokoni.