Uso wa Nyumba Uko Wapi?

Mwanangu, mvi zangu bado zinahesabika, lakini kuna ukuta mmoja ulinifunza mambo ya wenye mvi. Nakumbuka siku ile nilivyosimama barabarani hapa Igogo, kando ya ziwa, mikono kiunoni, nikiutazama kama mtu anayetazama bibi harusi.

Nilikuwa nimeongeza chumba ubavuni mwa nyumba yetu, cha bibi yangu mzaa mama. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na kule Sengerema alibaki peke yake. Matofali ya kuchoma, bati, mlango, vyote vilipatikana. Ikabaki kazi ya nje, na pesa haikutosha kupiga lipu kuta zote.

Fundi Mabula, mzee wa taratibu, akaniuliza, "Kijana, uso wa nyumba yako uko wapi?"

Nikacheka. Swali gani hilo? Nikamwonyesha barabarani.

"Haya," akasema, akapangusa mwiko wake. "Nyumba ni yako."

Mwanangu, fundi akikwambia "nyumba ni yako", simamisha kazi umuulize ana maana gani. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza. Nikanunua mawe ya kubandika, yale bapa ya kahawia, tukapamba ukuta wa barabarani. Wapita njia wakawa wanageuza shingo. Ukuta wa ziwani ukabaki matofali matupu.

Bibi akavuka ziwa pale Busisi, akaja na kuku wake mmoja kwenye kikapu. Wiki ya pili mvua ikatoka ziwani na upepo, ikapiga siku tatu. Ilipokatika, asubuhi nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Akakohoa. Kitanda alikuwa amekisogeza katikati ya chumba. "Hebu shika ukuta huu. Unatoa jasho kama umetoka kulima."

Nikaushika. Kiganja kikarudi kimelowa.

"Na yale mawe yako mazuri?"

"Yako upande wa barabarani, bibi."

"Ahaa! Kumbe wanaopita ndio wanaolala humu!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Utani sikuujali, kile kikohozi ndicho kilichoniuma.

Nikamfuata Mabula. "Mzee, hivi uso wa nyumba uko wapi?"

"Sasa umeuliza," akatabasamu. "Uso ni pale mvua inapopiga. Mtu akipigwa na mvua huinamisha kichwa. Nyumba itainamisha nini?"

Bibi tukamhamishia chumbani kwangu, mimi nikalala sebuleni. Nikauza mawe yaliyobaki, nikabeba samaki mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha, wiki mbili, saruji ikapatikana. Matofali yalipokauka tukapiga lipu upande wa ziwani, na bati tukalitokeza zaidi. Bibi aliporudi chumbani kwake, hakuketi kwanza. Aliushika ukuta, akanusa kiganja, kisha akasukuma kitanda mwenyewe mpaka ukutani.

Basi mwanangu, ukiongeza chumba usianzie dukani. Simama nje mvua ikinyesha, wakucheke wanaocheka, utazame maji yanapiga wapi, yanashuka wapi, yanatuama wapi. Huko ndiko pesa yako ya kwanza iende. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Urembo utasubiri tu, wenyewe haukohoi.

Mungu akujalie ukuta mkavu, na ndani yake mtu wa kukutania kila asubuhi unapomwamkia.