Tonge la Mahabusu

Jamani, chekeni kwanza mmalize, maana mkinikatiza katikati nitashindwa kuendelea, na aibu yenyewe ilishafika kijijini kwetu Pande kabla mimi sijafika nyumbani: mimi ndiye yule askari jela aliyekula mchana wa Ramadhani, langoni, mbele ya mkwe.

(Mkwe mtarajiwa. Tutafika huko.)

Siku zile za Mwingereza, jaji mmoja huko juu alikata shauri kwamba mahabusu, kwa kuwa bado hajahukumiwa, ana haki ya kula chakula cha nduguze na kuletewa mwalimu wa dini yake. Hukumu nzuri sana, ya mtu asiyekaa langoni. Bwana jela wetu, Mzungu aliyeogopa sumu kuliko malaria, akaongeza lake: kila chakula kionjwe na askari mbele ya aliyekileta. Hapo ndipo nilipojiponza, maana ugali wetu askari haukupishana sana na wa wafungwa, nikaenda mwenyewe, nikapiga saluti, nikaomba kazi ya kuonja iwe yangu peke yangu (kwa ajili ya usalama, nilisema, uso mkavu). Nikaonja samaki wa kupaka, nikaonja wali wa nazi, nikaonja mpaka mkanda ukahama tundu, na wako mahabusu waliofikiwa na mifupa tu, haki yao ikiwa kamili.

Kisha mwezi ukaandama. Mimi, kwa akili zangu nyingi, Ramadhani sikuwa nimeikumbuka. Nikamwendea mwenzangu Aloisi, Mkristo, nikamsihi anishikie kazi mpaka Idi. Akasema yeye hawezi kuingilia mambo ya usalama.

Basi siku ya kwanza tu, adhuhuri, akatokea shangazi wa mahabusu mmoja wa Kipatimu, Wakatoliki hao, saumu yangu haiwahusu, na kuku wake wa nazi. Nikamwambia apitishe tu, namwamini. Akaweka kikapu chini.

"Mwanangu, jaji kasema ale, na Mzungu wako kasema uonje. Onja nikuone, yasije yakatokea mambo nikaambiwa ni mimi."

Nikaona hili dogo: nitatia tonge mdomoni, nizunguke nyuma ya ukuta, niteme, saumu salama na sheria salama. Nikatia. Nikageuka.

Na nani kasimama nyuma yangu, msahafu kwapani, kaja kuwasomesha mahabusu kwa hukumu ileile? Mwalimu Shomari, ambaye binti yake nilikuwa nimemposa na jibu nalingojea wiki ile. Nilimpenda yule binti, nasema kweli, usingizi nilikuwa sipati. "Asalaam aleikum," akasema mwalimu. Sasa niambieni nyie mnaonicheka: salamu ya mzee haiachwi bila jibu, mbele ya mkwe hutemi kitu, na mdomo uliojaa kuku hausemi. Nikameza.

"Waaleikum salaam, shikamoo mwalimu," nikasema, mchuzi ukinichuruzika kidevuni.

Nikaanza kumweleza habari za jaji, na sumu, na Bwana jela, jasho likinitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote.

"Marahaba. Nimefahamu, baba," akasema. "Jaji kampa mahabusu haki ya kula. Wewe kakupa nani?"

Posa yangu ilirudishwa kabla ya futari. Yule wa Kipatimu aliachiwa baadaye, hawakumwona na kosa, akaenda zake kwao kanenepa. Aliyehukumiwa pale langoni ni mimi, na rufani sina. Kuonja nimeacha kabisa, na mpaka leo, hata iwe Idi na niko kwangu, sitii tonge mdomoni kabla sijageuka kutazama nani yuko nyuma.