Masanduku ya Arvid

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Merle Pelkey bado huamka na hamu ya kubeba kitu. Hunywa kahawa yake amesimama, hulitazama ziwa kupitia dirisha la jikoni, kisha hukumbuka kwamba hana tena pa kukipeleka. Nyumba ya Arvid Torvik, kule juu mlimani, ina watu wengine sasa. Chumba cha chini, kilichopigiwa muziki miaka na miaka, wamekijaza baiskeli na matairi ya theluji.

Arvid alikuwa mtu wa posta, mpanga barua, hadi alipostaafu. Mrefu, mpole, na masikio makubwa ambayo rafiki zake hawakuchoka kuyatania. Kilichomteka moyo ni kile kisanduku kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa muziki. Watu wengi hawajui hata kama kitu hicho kipo, maana kwenye simu zao kimejificha, kidogo kama punje ya mchele. Arvid alivinunua vile vikubwa vya chuma, vizito kama mtoto anayekataa kutembea, na raha yake ilikuwa kuvilinganisha.

Kulinganisha kulikuwa na taratibu zake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi rafiki zake, Merle akiwa mmoja wao, walishuka chumba cha chini, kila mmoja na kisanduku chake, vyote vikafunikwa shuka ili asijulikane anayepiga ni kipi, mtu mmoja akakaa nyuma kubadilisha waya. Kwanza Stan Wuori, fundi wa meli wa zamani, alipima umeme kwenye spika ili vyote vipige kwa sauti ya kiwango kimoja. Kinachopiga kwa nguvu zaidi kidogo tu kuliko wenzake hushinda kila mara, na mtu akarudi nyumbani akidhani amesikia uzuri, kumbe amesikia kelele. Kiti kizuri kilikuwa kimoja, katikati, na walikikalia kwa zamu. Wimbo ukianza, hakuna aliyefungua mdomo.

Wimbo wa Arvid ulikuwa uleule siku zote: mwanamke akiimba na mtu akipiga besi kubwa ya mbao, wamerekodiwa ndani ya kanisa dogo. Kabla ya ubeti wa pili mwanamke yule huvuta pumzi.

"Kwenye kile changu cha zamani," Arvid alizoea kusema, "alikuwa anavuta pumzi humu ndani. Ungeweza kumpa kikombe cha maji akapokea."

Kile cha zamani alikiuza. Ndivyo walivyo watu hawa: wakikipenda kitu, hukiuza ili wapate kinachokishinda. Kwa ajili hiyo hawatupi katoni hata moja, maana kisanduku kisicho na katoni yake hakipati mnunuzi.

Mwezi uleule aliouza, mkewe Lorna aliondoka. Hawakugombana. "Nimechoka kukaa karibu na mtu anayesikiliza kitu kingine," alisema, kwa sauti ya mtu anayeaga wageni. Akahamia Ashland, upande wa kusini wa ziwa. Alichukua nguo zake, vyombo vya jikoni vya mama yake, na lile kochi la kijani, la mama yake pia, lililokaa nyuma ya kiti cha Arvid. Hapo ndipo alipokuwa akifuma sweta wakati wanaume wanasikiliza, akiwauliza mara moja moja kama wameshampata mshindi ili aende kupasha supu.

Tangu hapo mwimbaji wa Arvid hakuingia tena chumbani. Alibaki ndani ya spika, mkavu, kama mtu anayeongea nyuma ya kioo. Arvid akajilaumu kwa kuuza. Alinunua cha Kijapani, akanunua cha Kidenmaki, akanunua kingine kilichotengenezwa na mzee mmoja peke yake huko Vermont. Kila kipya kilipofika alimpigia Merle simu kwa furaha, na baada ya siku chache alimpigia tena kwa sauti ya chini. Mwishowe alimsaka mtu aliyekinunua kile cha zamani, huko Thunder Bay, akambembeleza mpaka akamrudishia.

Ilikuwa Februari, theluji imefika magotini. Kundi zima lilikuja kushuhudia kurudi kwa mpotevu. Mlangoni Arvid alimvuta Merle pembeni.

"Nimekisikiliza asubuhi," alinong'ona. "Siyo."

"Lakini ni kilekile?"

"Kina hata ule mkwaruzo wangu. Siyo, Merle."

Kwa kawaida makoti ya wageni hurundikwa kitandani. Siku hiyo Arvid aliwaambia washuke nayo, kwa sababu katoni zilizokuwa zimejaa upande wa Lorna wa kitanda zilikuwa zimevuka mpaka hadi upande wake.

"Sasa unalala wapi, mzee?" Stan aliuliza.

"Pembeni."

"Pembeni ya nani? Ya yule Mjapani?"

"Mwache," mtu akadakia. "Angalau Mjapani hakoromi."

Wakacheka, wakayatupa makoti yao manene ya manyoya ya bata nyuma ya kiti, kando ya ukuta mtupu ambapo Arvid hakuwa ameweka kitu tangu Lorna aondoke. Stan akapima. Arvid akakaa. Wimbo ukaanza, ubeti wa kwanza ukaisha, na Merle akauona mkono wa Arvid ukinyanyuka kutoka gotini na kubaki hewani.

"Yupo," alisema, akivunja sheria yake mwenyewe. "Rudia."

Walirudia mpaka supu ikapoa. Kisanduku kilihitaji kupata moto tu, walisema, na wote wakakubaliana, maana hiyo ndiyo imani yao: chombo lazima kipate moto. Arvid alicheka hovyo, akamkumbatia Stan, jambo ambalo Stan hakujua alifanyie nini.

Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kila mtu na koti lake. Merle alibaki wa mwisho, koti lake mkononi, na Arvid akamwomba wasikilize mara moja tu, wao wawili.

Mwimbaji alikuwa amerudi nyuma ya kioo.

Arvid aliziinamia waya, akazigusa moja baada ya nyingine. Merle aliutazama ukuta. Kwenye zulia kulikuwa na mashimo manne, alama za miguu ya kochi.

"Arvid. Ni makoti."

"Makoti gani?"

"Yalikuwa pale. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha: ukuta mtupu nyuma ya kichwa huirudisha sauti na kuikausha. Ndilo jambo la kwanza kabisa ulilonifundisha. Mbona muda wote huu hujaweka hata blanketi?"

Arvid hakugeuka. "Pale pana mwenyewe," alisema.

Alizima mitambo yote, jambo ambalo hakulifanya hata akisafiri, akapanda jikoni. Merle alimfuata kwa sababu hakujua la kufanya. Arvid alipiga simu akaiweka kwenye spika, maana masikio yale yaliyodai kusikia pumzi ya mtu kanisani hayakuwa yakisikia simu vizuri.

"Lorna. Kochi bado unalo?"

"Ninalo. Paka amelimaliza kwa kucha. Kwani unalitaka?"

"Hapana. Nilikuwa nauliza kama naweza kuja kulikalia."

Merle alisikia friji ikinguruma, akaanza kuvaa koti taratibu.

"Utakuwa unasikiliza nini?" Lorna aliuliza.

"Sijui. Wewe ukifuma."

"Siku hizi sifumi sana."

"Basi."

Merle akavuta zipu ya koti.

"Njoo Jumapili," Lorna alisema. "Usije na sanduku."

Visanduku viliuzwa kabla barafu ya ziwani haijayeyuka, kila kimoja ndani ya katoni yake, na nyumba ikafuata. Merle ndiye aliyepewa kile chenye mkwaruzo. Amekiweka chini ya televisheni na hajakichomeka, kwa sababu hana wa kumkalisha kwenye kiti.

Arvid Torvik sasa anaishi Ashland, kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa pili kutoka kwa Lorna. Jumapili huenda kwake. Ana redio moja, ya jikoni.