Kandambili za Pasi

Mkwe wangu ni mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu najua nikishaingia kwenye maneno yenyewe sitalisema tena. Halewi, hapigi mtu, watoto wake wanalala wameshiba, na binti yangu tangu aolewe amenawiri mpaka mashavu. Lakini ana tabia moja inayonipandisha presha: hawezi kuingia chumba chochote bila kuangalia nyaya.

Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kujitambulisha, nimevaa gauni langu la maana, mume wangu kakaa kwenye kiti chake kama hakimu, kijana akaingia, akasema, "Shikamoo baba, shikamoo mama, samahani, hiyo soketi nyuma ya kochi imeungua." Hata hajakaa! Mume wangu akamwuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anapima vifaa vya umeme kwenye biashara ndogondogo. Mume wangu akanigeukia mimi. "Anapima nini?" Kana kwamba mimi ndiye niliyemwokota.

Siku ya harusi yake ndiyo usiseme. Muziki umekolea, mashangazi wako katikati wanayarudi, mara kimya. Kugeuka, bwana harusi na suti yake kapiga magoti nyuma ya spika, anahamisha nyaya. Mtu alikuwa amemwaga soda karibu na ekstensheni. Dakika ishirini na tano tumekaa tunatazamana. Binti yangu, bibi harusi mzima, anacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kazi yenyewe ni hivi. Ofisi ya leseni inataka kila mwaka uwe na cheti kwamba vifaa vyako vya umeme ni salama. Basi mpimaji anakuja na begi, ndani mna kipimio, kisanduku cha njano chenye nyaya za kubana, anachukua kifaa kimoja baada ya kingine: birika, feni, pasi, mashine ya kunyolea. Anafungua plagi, anapima, anaandika kwenye daftari, anabandika. Kibandiko cha kijani, endelea na kazi. Chekundu, marufuku kukichomeka mpaka kitengenezwe. Mtaani kwetu wakamwita Bwana Kibandiko, na jina likamganda.

Na sisi wenye maduka tulikuwa na utaratibu wetu. Siku ya kupimwa tunaazimana. Vibovu vinaingia stoo chini ya magunia, vizima vinazunguka kwa mlango wa nyuma, na mpimaji akishaondoka tunakibandua kibandiko cha kijani taratibu kwa ukucha na kukihamishia kwenye kile kibovu. Funika kombe, mwanaharamu apite. Mzee aliyekuwa akitupima zamani alikuwa na haraka zake, hakuwahi kutusumbua. Ndipo mwaka jana ofisi ikatuletea huyu mkwe wangu. Mwaka wake wa kwanza alilikuta birika la kinyozi kwa kinyozi, akalikuta kwa mwenye fotokopi, akalikuta na kwangu. Akalishika mkono, akasema kwa upole, "Mama, hili birika linatembea kuliko mimi." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo akawa anachora namba yake kwenye kila kifaa cha mtaa wetu. Sasa mtu kama huyo utamfanyaje?

Mimi ni fundi cherehani. Nina karakana ya mashine tano na meza moja ya pasi. Na pasi yangu ilikuwa pasi kweli, ya chuma, nzito, ukiipitisha juu ya suruali mara moja mstari unakaa hadi nguo ichakae. Ubaya wake ulikuwa mmoja: miaka minne iliyopita ilianza kuzima swichi kubwa. Ukiichomeka tu, duka zima giza. Nikamwita fundi wa kupita. Akafungua plagi, akakata ule waya wa kijani na njano, akasema, "Haitakusumbua tena." Na kweli, haikuzima tena. Ila ikaanza kung'ata. Ukiigusa chuma chake na mguu uko kwenye saruji, mkono unakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko.

Mpiga pasi wangu, Mama Pacha, alikuja kuniambia siku hiyohiyo. Nikamwambia ni mtekenyo tu. Alipong'atwa mara ya tatu nikamnunulia kandambili za mpira, nene, nikaweka na kipande cha ubao chini ya meza asimame juu yake. Nikajiona mwajiri wa mfano. Kandambili zile hazikuwa za mtu, zilikuwa za pasi. Yeyote anayekwenda kupiga pasi anavua viatu vyake, anavaa zile. Wateja walikuwa wakidhani ni usafi.

Sasa mwaka huu nilipata kazi kubwa, mashuka na sare za kliniki moja. Walitaka cheti cha umeme mezani kwao ifikapo Ijumaa, la sivyo kazi wanampa mwingine. Leo Jumatano, mkwe anakuja. Nikajipanga. Kwa kuwa pasi za mtaa wetu zote anazijua, nikaenda kuazima ya fundi mwenzangu wa mtaa wa mbali, mpya inayong'aa. Ile yangu nikaizika stoo chini ya vipande vya vitambaa. Nikawaambia wafanyakazi wangu wote, "Leo mdomo ni wa kulia chakula tu." Pasi tukaificha. Kandambili tukazisahau.

Akaja, akanisalimu kwa kuinamisha kichwa kama kawaida yake, akaanza. Mashine zote tano zikapita. Feni ikapita. Pasi ya kuazima ikapita, na zaidi ya kupita. Tayari amebandua kibandiko cha kijani, kiko kwenye ncha ya kidole, akainama kutazama soketi iliyo chini ya meza. Akainuka na kandambili mkononi.

"Mama, hizi kandambili za nani?"

Nikajitia hamnazo, nikaendelea kukunja kitambaa. Lakini Mama Pacha hajui kusema uongo. Nimemjua miaka kumi na moja, hajui. Akajibu, "Hizo ni za pasi."

"Pasi inavaa kandambili?"

Akakirudisha kibandiko kwenye karatasi yake, akasema, "Naomba niione yenyewe." Kinyozi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anangoja chenji, akatikisa kichwa. "Njia ya mwongo ni fupi, jirani," akasema, akajiendea zake. Na yeye ndiye mwenye birika!

Hapo nikalipuka. Nilimwambia yote. Kwamba amekula kwangu, amelala kwangu, nimemlelea wanawe walipougua, nimemvumilia na soketi zake na spika zake, na leo, kwa ajili ya kandambili, anataka kunifungia duka mbele ya watu. Mkwe hajibizani na mama mkwe, na huyu ameishika heshima hiyo kwa mikono miwili, ndiyo maana kugombana naye ni sawa na kugombana na kabati. Nilipotua kuvuta pumzi, akaenda stoo mwenyewe, akafukua, akaibeba pasi mpaka mezani. Akafungua plagi, akanionyesha pale waya ulipokatwa.

"Huu ndio ulinzi wake, mama. Umeme ukivuja kwenye chuma, waya huu unaupeleka ardhini na swichi inazima. Swichi ilikuwa inakwambia kuna hatari. Sasa umeme hauna pa kupita ila mtu."

"Miaka minne! Nani amekufa? Ni mtekenyo tu!"

"Sawa, mama," akasema.

Nikadhani nimeshinda. Akafunga plagi. Kisha akakaa kwenye benchi, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavua soksi, akazikunja vizuri akazitia ndani ya viatu. Akausogeza ule ubao pembeni kwa mguu. Akasimama peku kwenye saruji, palepale Mama Pacha alipokuwa amenyunyizia nguo maji, unyevu bado unaonekana. Akaichomeka pasi.

"Kama ni mtekenyo, napiga shati moja," alisema. "Nikimaliza natia kibandiko cha kijani na sahihi yangu, Ijumaa unapeleka cheti. Niseme tu ndiyo, mama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa nilikuwa naliona lile rundo la mashuka. Akaupeleka mkono, na hakuupeleka kwenye mpini, aliupeleka kwenye chuma.

"Usiguse! Utakufa!"

Sijui nilifikaje ukutani. Niliing'oa ile plagi kwa nguvu mpaka soketi ikacheza, nikabaki nimeikumbatia kifuani, natweta. Baba wa wajukuu zangu! Mkono wake bado uko hewani, na mashine zote tano zimenyamaza.

"Kumbe unajua," akasema Mama Pacha.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa bei. Akafungua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya pasi, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa mbele.

Mkwe akavaa soksi zake. "Nisingeigusa, mama," alisema bila kunitazama. "Mimi si mwehu." Akabandika kibandiko chekundu kwenye pasi, akakibonyeza kwa kidole gumba, akaandika kwenye daftari, akaaga kwa adabu zake zote. Cheti hakunipa, na Ijumaa ikapita. Mashuka ya kliniki anayashona mwingine, na kila nikipita pale kwake nageuza shingo. Binti yangu nilimpigia simu kushitaki, akanijibu, "Mama, mume wangu alikuwa kazini." Nikamkatia.

Wiki nzima nilimnunia mkwe. Ilinichukua wiki nzima hiyo kukubali kwamba yeye hakunikosea kitu. Nilichokuwa nakikimbia ni kitu kimoja rahisi: kwa mkwe, ambaye ni mwanangu, nilipiga kelele, na kwa Mama Pacha nilinunua kandambili. Mtoto wa mwenzangu yule. Ana mama yake, ana wale pacha wake, na kila asubuhi kwa miaka minne nimemwona akivaa mpira miguuni ili anifanyie kazi, nami nikaendelea kupima mikono ya mashati. Ningejidanganya kwamba sikujua, lakini nilijisikia mwenyewe nikipiga yowe, na mtaa mzima ukanisikia.

Nikanunua pasi mpya. Nikaenda kwa Mama Pacha.

Alikuwa anakunja nguo za wanawe. Akaniletea kiti, akaniletea maji. "Karibu, bosi," akasema. Miaka kumi na moja huyu mtu ananiita dada. Nikasema yangu, na sikusema vizuri, nilianza na samahani nikaishia kueleza bei ya pasi mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atarudi, kwa sababu kazi anaipenda na watoto wanasoma, ila kwa sharti. Mpimaji aje kila baada ya miezi mitatu, siyo mara moja kwa mwaka. Na siku akija, atakayekaa naye ndani ni yeye.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utakaa nje, bosi."

"Nje ya duka langu mwenyewe?"

"Mpaka tumalize."

Alaa! Nikayanywa yale maji, nikakubali. Juzi mkwe amekuja kupima kwa mara ya kwanza tangu sharti hilo. Nimekaa kwenye benchi la kinyozi, juani, na kinyozi ananitazama kwa jicho la pembeni anatamani kucheka. Saa nzima. Nikawasikia mle ndani wanafungua plagi moja moja, mkwe anaeleza, Mama Pacha anauliza, tena anauliza maswali ya maana. Mwisho mlango ukafunguliwa, Mama Pacha akatoa kichwa.

"Vyote vimepita," akasema. "Unaweza kuingia, bosi."

Nikaingia.